Kutembea Sipi na watoto: kilima cha kurudi kihesabiwe kwanza

Familia nyingi zikifika Sipi, kwenye maporomoko ya maji ya mashariki mwa Uganda, hukosea jambo moja. Wanashuka kwenye gari, wanasikia maji yananguruma kule bondeni, na watoto wanataka kuyafikia hapo hapo. Kushuka hakuna kazi. Mtoto wa miaka 5 anashuka akiimba. Lakini njia ya kwenda chini ya maporomoko makubwa inaanzia juu, kwa hiyo kilima chote kinawangoja wakati wa kurudi: saa 6 mchana, jua la utosi, chupa tupu, na mtoto ameketi juu ya jiwe anasema yeye haendi popote. Hapo baba anabeba kilo 18 mgongoni kwenye udongo unaoteleza, na safari nzima inabaki kukumbukwa kwa kilima hicho.

Dawa yake ni kupanga matembezi kuanzia mwisho. Kabla ya kuuliza mtaona nini, uliza mtapanda wapi, na wakati huo miguu ya yule mdogo kuliko wote itakuwa imeshatembea kwa muda gani. Njia nne zinazoelezwa hapa zimepangwa kwa swali hilo.

Sipi ilivyokaa

Sipi ni senta ndogo katika wilaya ya Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kando ya barabara ya lami inayotoka Mbale kwenda Kapchorwa mjini na kuendelea hadi mpaka wa Kenya pale Suam. Iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 600 juu ya Mbale. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Sipi ina ubaridi wa nyuzi 3 au 4 zaidi. Mtoto aliyekuwa anatokwa jasho Mbale mchana atatetemeka Sipi saa 1 asubuhi, na sweta yake isiwe chini kabisa ya begi.

Mto Sipi unashuka kutoka mlimani na kuanguka mara tatu. Maporomoko mawili, ya juu na ya kati, yako upande wa juu wa senta. Yale makubwa, ambayo maji yake huanguka takriban mita 100 na ndiyo yanayoonekana kwenye picha, yako upande wa chini. Ukishika hilo moja, mpango umekaa: ukienda juu, unapanda ukiwa na nguvu na kurudi ukiteremka, ukienda chini, ni kinyume chake.

Jina la mto huelezwa kuwa limetokana na sep, mmea unaofanana na mgomba unaoota kando ya maji, wenye jani la kijani na uti mwekundu katikati. Wasabiny, wenyeji wa eneo hili la Sebei, wanautumia kama dawa. Mpe mtoto kazi ya kuwa wa kwanza kuuona na atatembea nusu saa bila kuuliza kama mmefika.

Lugha haitakuwa kikwazo. Huku Sebei Kiswahili kinasikika sokoni na njiani kila siku, na anayesalimia "habari za asubuhi, mama" kabla ya kuuliza njia huonyeshwa njia na pengine hata kivuli cha kupumzikia.

Kutoka Mbale taksi hupanda kwa kona nyingi, na watoto wanaotapika garini hutapika kwenye kipande cha mwisho cha kupanda. Wape chakula chepesi na kikavu saa moja kabla, kwa mfano chapati au mkate, bila maziwa na bila mayai ya kukaanga. Waketi mbele, waangalie barabara na si simu. Mfuko wa plastiki uwe mkononi mwako, kwa maana kwenye kona hakuna muda wa kuutafuta. Mkifika, msianze kutembea kabla mtoto aliyetapika hajakunywa maji kidogo kidogo kwa nusu saa.

Msimu, saa na mawingu

Miezi mikavu ya uhakika ni Desemba hadi Februari. Mvua huanza Machi au Aprili na huendelea kwa kupanda na kushuka hadi Oktoba au Novemba. Si kwamba msimu wa mvua usitembee. Mara nyingi asubuhi ni nyeupe, na mvua huja baada ya saa 7 au 8 mchana. Kwa hiyo kanuni ni moja mwaka mzima: saa 1 na nusu asubuhi mko njiani, saa 6 mmerudi. Chai nzito ya asubuhi inywewe mkirudi. Familia zinazosubiri chai ndefu huanza saa 4, na hizo ndizo zinazolowa.

Jioni msidanganyike. Jua la hapa huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na baada ya dakika 20 hadi 30 ni giza. Matembezi ya "kidogo tu" yanayoanza saa 11 huishia kwenye tochi ya simu yenye chaji asilimia 8.

Kuna siku za kutotoka kabisa. Miteremko ya Elgon huporomoka udongo unaposhiba maji. Bududa mwaka 2010 na Bulambuli mwaka 2024, wilaya za mlima huu huu, vijiji vilifunikwa. Kama mvua imenyesha mfululizo kwa siku mbili au tatu, achana na njia za bondeni na zilizokatwa ubavuni mwa mlima. Kaeni karibu na barabara na mashamba ya juu. Dalili ambazo hata mgeni anaweza kuziona ni nyufa mpya ardhini zinazofuata ubavu wa mlima, miti au nguzo zilizoanza kuinama, na chemchemi iliyokuwa safi jana ikitoa maji ya tope leo. Ukiona moja kati ya hizo, geuzeni mrudi mlikotoka.

Radi inahesabika. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3: hizo ni kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ondokeni mahali pa wazi na kwenye ukingo wa jabali, mwende kwenye nyumba yenye kuta imara au ndani ya gari. Chini ya mti si salama. Pia mdomo wa pango fupi si salama, ingawa huko ndiko wengi hukimbilia, kwa sababu umeme unaweza kuruka kati ya dari na sakafu ya mwamba.

Kumpata wa kuwaongoza

Njia za Sipi hupita katikati ya mashamba na mbele ya nyumba za watu, na zinagawanyika kila baada ya mita chache. Bila mwenyeji mtapotea kwenye migomba, na mtakuwa mmeingia kwa mtu bila hodi. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, lakini zungumzeni kabla ya kuondoka, si njiani. Maneno ya kukubaliana ni haya: mnaenda maporomoko yapi, kwa muda gani, bei ni ya kundi au ya kila kichwa, na je, ada za wenye mashamba mnayopitia zimo ndani au mtalipa wenyewe kwenye kila lango? Swali hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Bebeni noti ndogo, za 1,000, 2,000 na 5,000, kwa sababu langoni hakuna chenji ya 50,000.

Mtazame pia anavyowatazama. Mwongozaji mzuri wa familia huangalia viatu vya watoto kabla ya kutaja bei. Anayewaahidi maporomoko yote matatu kwa saa mbili mkiwa na mtoto wa miaka 4 hajawahi kutembea na mtoto wa miaka 4, au ameshatembea naye na hajali.

Kwa hesabu yako mwenyewe: mtoto wa miaka 4 au 5 kwenye njia ya milima, pamoja na vituo vya kuangalia vyura, huenda kilomita 1 hadi 2 kwa saa. Wa miaka 8 hadi 10 huenda 2 hadi 3. Kundi zima huenda kwa mwendo wa yule wa mwisho, na huyo ndiye atembee mbele nyuma ya mwongozaji, siyo mkiani. Mtoto aliye mkiani kila akiwafikia wenzake huwakuta wameshapumzika na wanaondoka. Yeye hapumziki kamwe, na baada ya saa moja analia bila mtu kujua sababu.

Mtapitwa na watoto wa shule wanaopanda kilima kwa mbio, kitabu mkononi, bila hata kuhema. Usimwambie mwanao "mbona wale wanaweza?" Huku ndiko walikotoka Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya 2012, na Joshua Cheptegei, aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024. Ulinganisho huo hauna haki.

Miguuni na mgongoni

Udongo wa Elgon ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukikauka unashika kama saruji. Ukilowa unateleza kama sabuni na kuganda kwenye soli hadi kiatu kiwe na uzito mara mbili. Kinachohitajika ni soli yenye meno marefu yaliyoachana, ili tope litoke kila hatua. Raba za mjini zenye soli laini ndizo huangusha watu wengi. Gambuti ni nzuri kwenye tambarare ya tope, lakini kwenye mteremko mrefu mguu wa mtoto huteleza mbele ndani yake, vidole vinagonga ncha, na kifundo hakina kinachokishika. Kama gambuti ndiyo iliyopo, mvishe soksi mbili nene na hakikisha mguu hauchezi. Sandali ziachwe nyumbani, isipokuwa kwa njia ya kahawa.

Kata kucha za miguu siku moja kabla. Ni jambo dogo, lakini kucha ndefu kwenye mteremko ndiyo damu ya kwanza ya siku. Mtoto akisema kisigino "kina moto", simama hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta. Hilo ni lengelenge ambalo bado halijaota. Ukisubiri dakika 20 litakuwa limeota na matembezi yameisha.

Maji: nusu lita hadi lita 1 kwa kila mtoto kwa matembezi ya saa tatu, na lita 1 na nusu kwa mtu mzima. Maji ya mto, hata yakiwa ya baridi na ya kung'aa, yasinywewe. Juu yenu kuna nyumba, ng'ombe na watu wanaofua. Mtoto abebe begi lake mwenyewe, lakini lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake: wa kilo 20 abebe kilo 2, yaani sweta, chupa yake na ndizi. Chakula cha njiani kiwe cha kushikwa kwa mkono mmoja. Ndizi, mayai ya kuchemsha, chapati iliyokunjwa, karanga kwa waliozidi miaka 5. Roleksi ya moto, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ni tamu mkiwa senta, ila baada ya saa mbili begini hutoa maji na kuvunjika.

Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa kitenge kama kawaida, lakini kuna mambo mawili ambayo mama wa mjini hayakumbuki. Kwanza, ukiinama kupita chini ya mwamba au tawi, unainua kichwa chako baada ya kupita, ila cha mtoto bado kiko nyuma. Inama kwa magoti, na nyanyuka baada ya hatua mbili zaidi. Pili, kwenye mteremko uzito wake unakuvuta nyuma unapoteleza, na wewe utaangukia mgongo, yaani utamwangukia yeye. Penye tope la kuteremka mbebaji ashuke kwa upande, akishikwa mkono na mtu aliye chini yake.

Njia ya kwanza: shamba la kahawa

Hii ndiyo ya siku mliyofika, na ndiyo ya watoto wa miaka 3 na kuendelea. Kutembea kwenyewe ni kilomita 1 au 2 tu kati ya migomba na mibuni, na maporomoko makubwa mnayatazama kutoka ng'ambo, kwenye ukingo, bila kushuka. Kinachochukua muda, saa mbili hadi tatu, ni kahawa yenyewe. Kama mna nusu siku tu Sipi, chagueni hii mwache maporomoko. Watoto husahau maji, kinu hawakisahau.

Kahawa ya huku ni arabika. Wakati wa mavuno, kuanzia Septemba hivi hadi mwanzoni mwa mwaka, mtoto huchuma mwenyewe: tunda jekundu pekee, la kijani linabaki, kwa kuzungusha kidogo na si kuvuta, maana ukivuta unang'oa na kikonyo cha mwakani. Akilibonya tunda kati ya vidole viwili, mbegu mbili zinaruka nje zimefunikwa ute unaoteleza. Aulambe. Ni mtamu kama maji ya muwa mepesi, na hauna ladha ya kahawa hata kidogo.

Baada ya hapo mwenye shamba atawaonyesha hatua zote kwa mbegu zilizo katika hali mbalimbali, kwa sababu hazikamiliki siku moja. Tunda humenywa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mbegu hulowekwa usiku mmoja au zaidi hadi ute uachie, zinaoshwa, kisha huanikwa wiki moja hadi mbili na zaidi, kutegemea jua. Njia ya kujua kama zimekauka ni meno: uma mbegu, meno yakiacha alama, bado. Zilizokauka hutwangwa kwenye kinu ili ganda gumu la nje litoke, na hupepetwa kwa ungo.

Kwenye kinu ndipo watoto wanapogombana, basi panga zamu kabla. Watoto wawili wakitwanga kwa kupokezana, wahesabu kwa sauti, "moja" huyu, "mbili" yule, na mikono ya kuchota ganda isiingie hadi michi yote miwili iwe imesimamishwa chini. Vidole huumia kwenye sekunde ile ambayo mmoja anachungulia kama ganda limetoka. Mpe mdogo mchi mfupi. Mrefu utampiga kidevuni.

Kukaanga huchukua dakika 15 hadi 20 kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, mwiko hausimami. Mbegu hutoka kijivu-kijani hadi manjano, kisha hudhurungi, halafu zinaanza kualika kama bisi. Wakati huo moshi ni mwingi. Mwenye pumu akae nje ya jiko. Mwiko ukisimama nusu dakika upande mmoja unaungua, na hiyo sufuria nzima itakuwa chungu. Kusaga hufanywa kwa kinu hicho hicho. Watoto wapewe maziwa ya moto yenye tone la kahawa kwa jina tu, maana usiku bado mnataka kulala.

Njiani kwenye mashamba, angalieni chini. Kahawa iliyoanikwa kwenye turubai haikanyagwi, wala hairukwi. Na kamba za ng'ombe na mbuzi hufungwa chini kwenye kigingi, zimefichwa na nyasi kwa urefu wa kifundo cha mguu wa mtoto. Ukiona ng'ombe, tafuta kamba kwanza kabla ya kutafuta njia ya kupita.

Njia ya pili: maporomoko ya kati na ya juu

Hii ni ya asubuhi ya siku ya pili, kwa watoto wa miaka 5 au 6 na zaidi. Kutoka senta mnapanda kupitia mashamba hadi maporomoko ya kati, yanayoitwa Simba, ambapo unaweza kupita nyuma ya pazia la maji. Mnapumzika, na kama miguu bado ina hamu mnaendelea kupanda hadi ya juu. Wekeni saa mbili kwa ya kati peke yake na saa tatu hadi nne kwa yote mawili, kwenda na kurudi. Uzuri wake ni kwamba kila hatua ya kwenda mbele inaweza kufutwa. Mtoto akichoka, geuka. Kote ni kuteremka hadi kwenye soda.

Nyuma ya maji pana kanuni zake. Mawe yanayolowa siku zote yana utelezi wa kijani ambao kiatu chochote hakiushiki. Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, mkono kwa mkono, na mtu mzima awe upande wa shimo, mtoto upande wa ukuta. Kumshika mtoto kwa kidole au kwa mkono wa sweta si kumshika. Shika kifundo cha mkono, naye ashike chako. Simu ziingie mfukoni kabla ya kuingia. Kelele za maji huzima sauti, kwa hiyo kubalianeni ishara: mkono ulioinuliwa ni kusimama.

Kuoga kwenye kidimbwi kidogo cha chini watoto wataomba. Mwongozaji akikubali, sawa, miguu hadi magotini, mbali na pale maji yanapoangukia. Lakini mtu mzima mmoja asiingie. Kazi yake ni kuangalia rangi ya mto. Maji yakianza kugeuka kahawia au kuleta majani na vijiti wakati mahali mlipo ni pakavu, mvua imenyesha juu mlimani na wimbi linakuja. Tokeni wakati huo huo, mpande upande wa mlikotoka, viatu mtavaa juu.

Siafu mtakutana nao njia hii, hasa asubuhi baada ya mvua: mstari mweusi-mwekundu wa upana wa vidole viwili unaokata njia. Hatua moja kubwa juu yake, hakuna kusimama kuangalia. Wakishaingia kwenye suruali, ivue suruali mara moja bila aibu. Kupigapiga kwa nje kunawafanya waume zaidi. Siafu aliyeng'ata ashikwe kichwani na kung'olewa. Suruali iliyochomekwa ndani ya soksi huzuia sehemu kubwa ya shida hii, pia majani yanayowasha yaliyo kando ya njia.

Nyoka hawaonekani mara nyingi palipo na kundi la watoto wenye kelele. Akiuma mtu: aliyeumwa asitembee, kiungo kisitikisike, pete na viatu vivuliwe kabla ya kuvimba, mbebeni hadi barabarani na moja kwa moja hospitali. Hakuna kukata, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kubana.

Njia ya tatu: msitu wa Kapkwai

Siku ya kupumzika maji, nendeni Kapkwai, lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon lililo karibu na Sipi. Mchukue gari mpaka langoni ili miguu ibaki ya msituni. Kuna mizunguko mitatu inayoungana: ya kilomita 3, ya 5 na ya 7. Wa kilomita 3 huchukua saa mbili hivi na ndio wa familia. Wa 5 hufika maporomoko ya Chebonet, unafaa kuanzia miaka 8. Wa 7 hupita kwenye mianzi na huchukua saa nne. Uacheni kwa vijana. Hapa ni hifadhi, mnatembea na askari wa wanyamapori na kuna kiingilio, chenye bei tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Watoto wakinyamaza dakika 5 wanaweza kuona mbega wenye rangi nyeusi na nyeupe kwenye miti. Kunyamaza dakika 5 ndiyo sehemu ngumu.

Njia ya nne: chini ya maporomoko makubwa

Hii ni ya mwisho kwa makusudi, na ni ya watoto wa miaka 8 na zaidi walioonyesha kwenye njia ya pili kwamba wanasikiliza. Kushuka na kurudi ni saa mbili na nusu hadi tatu. Sehemu zenyewe ni kali, na kwenye baadhi ya vijia kuna ngazi za kukwea mwamba. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, iahirisheni. Wale wanaotaka kushuka jabali kwa kamba wapo, hiyo ni habari ya watu wazima na mafundi wake.

Kushuka: mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma. Hatua fupi, magoti yamelegea, kisigino kwanza. Watoto wakishika mimea kando ya njia wajue mgomba hauna mizizi ya kumshika mtu. Kwenye ngazi mtu mmoja tu kwa wakati, uso ukiangalia ngazi, na mtu mzima hutangulia chini kuelekeza miguu. Mapumziko ya chini yasizidi dakika 30; manyunyu hulowesha nguo bila kuhisi, na mtoto aliyelowa akisimama baridi inampata haraka kuliko anavyodhani. Badilisheni fulana kavu pale pale, kabla ya kupanda.

Kilima cha kurudi kinapandwa kwa saa, si kwa nguvu. Dakika 10 kutembea, dakika 2 kusimama, tangu hatua ya kwanza, hata kama watoto wanasema hawajachoka. Mwendo ni ule ambao mtoto anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kila kituo mafunda mawili ya maji, na kila kituo cha tatu kitu cha kutafuna. Anayelegea, kuumwa kichwa na kukataa maji ana joto jingi: kivulini, kofia na shingo zilowanishwe, apumzike hadi aombe mwenyewe kuendelea. Kwa aliyeharisha au kutapika, lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo.

Mkifika barabarani boda boda zitakuwa zimeshawaona. Mtoto mmoja na mzazi mmoja kwa kila pikipiki, si familia nzima kwenye moja. Viatu vya tope visiwekwe juani wala karibu na moto, ngozi hupasuka na gundi ya soli huachia. Gongeni tope likiwa bado bichi, viosheni, toeni kamba, mvijaze magazeti, na myabadilishe magazeti kabla ya kulala.